Kichomeo cha oksijeni na gesi ya mtungi kwenye gereji ya nyumbani: mwongozo kamili, kuanzia dukani hadi kuzima

Malalamiko ni yale yale kila mara. Moto unaruka kutoka mdomoni mwa kichomeo na kuzimika. Moto unapiga "pa!" kila ukisogezwa karibu na chuma. Au unawaka vizuri tu, lakini nati ya silensa inakaa dakika kumi bila hata kubadilika rangi.

Karibu wote wanaolalamika walianza kwa kununua kichomeo, kisha wakaunga vilivyobaki kwa kubahatisha: regulata ya jiko, mpira wa jiko, nozeli (kile kidomo cha mbele cha kichomeo) ya asetilini, ile gesi ya mafundi wa kuchomelea. Kichomeo si kitu cha kwanza kununua. Fuata mpangilio wa hapa chini, kwa zamu.

## Kabla ya kutoa hela: moto upi?

Kama kazi yako ni kulegeza nati zilizoganda, kupinda vyuma vyembamba na kulehemu mabomba ya shaba, kile kichomeo kidogo cha gesi tupu kinachovuta hewa chenyewe kinaweza kukutosha. Moto wake hauzidi nyuzi 2,000 za Selsiasi, hauhitaji oksijeni, na gharama yake ni ndogo. Wengi wangeishia hapa wasijute.

Ukitaka kukata bamba, boliti za chasi au kupasha chuma kinene, ndipo unaongeza oksijeni. Oksijeni na gesi ya mtungi, yaani ile ile ya kupikia, hutoa moto wa nyuzi 2,800 hivi. Oksijeni na asetilini hupanda hadi nyuzi 3,100 na zaidi.

Asetilini ina faida moja kubwa: inachomelea chuma kwa chuma. Gesi ya kupikia haifai kwa hilo. Mshono utatoka dhaifu hata ukionekana mzuri. Lakini asetilini ina masharti. Ndani ya mtungi imeyeyushwa kwenye asetoni, kwa hiyo mtungi haulazwi kamwe, na presha ya kwenye mpira haitakiwi kupita bar 1 (psi 15), maana juu ya hapo inaweza kulipuka yenyewe bila hata hewa. Kwa gereji ya nyumbani, ambako kuchomelea unaweza kutumia mashine ya umeme, mimi nachagua oksijeni na gesi ya kupikia. Mwongozo huu ni wa hiyo.

Na yale mapipa ya kabaidi yanayotengenezwa mtaani, ya kutoa asetilini kwa kabaidi na maji? Hapana. Hayana udhibiti wa presha, hewa hubaki ndani, na asetilini ikichanganyika na hewa huwaka kuanzia asilimia 2.5 tu hadi zaidi ya 80. Hakuna namna ya kulitumia kwa usalama nyumbani, hata kama fundi wa mtaa wa pili analo tangu ujana wake.

## Vifaa, kwa mpangilio wa kununua

- Mtungi wa oksijeni kutoka kwa kampuni ya gesi za viwandani au wakala wake. Tanzania ziko kama TOL Gases, Kenya BOC Kenya. Kwa kawaida mtungi unakodiwa au unawekewa dhamana. Usinunue kwa mtu mtungi usiojua ulikotoka. Chukua mkubwa kiasi: kichomeoni, sehemu moja ya gesi hii hutaka takriban sehemu nne za oksijeni, kwa hiyo oksijeni ndiyo itakayokuishia kwanza.
- Mtungi wa gesi, usiwe wa kilo 6. Ukivuta gesi kwa kasi kwenye mtungi mdogo, unapoa hadi unafanya barafu nje, presha inashuka na moto unalegea katikati ya kazi. Mitungi ya kibiashara, kama wa kilo 38 au 50, huhimili.
- Regulata mbili. Ya oksijeni yenye geji mbili, na ya gesi ya presha kubwa inayorekebishika. Regulata ya jiko hutoa kama bar 0.03 tu. Ndiyo sababu ya kwanza ya moto usio na nguvu.
- Vizuia moto viwili, yaani vya kuzuia moto usirudi nyuma hadi mtungini, vinavyofungwa kwenye matokeo ya regulata, pamoja na vali mbili za njia moja za upande wa kichomeo. Hivi ndivyo wauzaji wengi huviacha nje ya seti ili bei ionekane nzuri.
- Mipira miwili: bluu kwa oksijeni, na wa gesi ulioandikwa kuwa unafaa kwa LPG, yaani hiyo hiyo gesi ya kupikia (mara nyingi rangi ya chungwa). Mpira wa asetilini peke yake huliwa taratibu na LPG kutoka ndani, na nje unaonekana mzima.
- Kichomeo na nozeli za LPG. Nozeli ya kukatia ya asetilini huwa kipande kimoja chenye uso bapa. Ya LPG huwa vipande viwili, na ukiitazama mdomoni utaona sehemu ya ndani imezama kidogo. Kule kuzama ndiko kunakoushika moto usiruke. Ukifunga nozeli ya asetilini kwenye gesi ya kupikia, moto utaruka hata ufanyeje.
- Kiwashio cha cheche, miwani ya kuchomelea ya kivuli namba 5 (miwani ya jua haifai), glavu za ngozi, nguo za pamba zenye mikono mirefu, viatu vya ngozi vilivyofunika vidole.
- Kizimamoto cha unga cha kilo 6, ndoo ya maji, ndoo ya mchanga.
- Toroli au mnyororo wa kufungia mitungi ukutani.

Nenda dukani na regulata yako mkononi wakati wa kuchukua mtungi wa gesi. Vali za mitungi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na kati ya mtungi mdogo na mkubwa. Kama haiingii, badilisha regulata au mtungi. Usikubali "adapta" iliyochongwa na mtu wa lathe.

Jambo la kukumbuka kwa vidole: nati za gesi inayowaka zina uzi wa kushoto na alama za mikato kwenye kona zake. Nati za oksijeni zina uzi wa kulia na ziko laini. Zimefanywa hivyo makusudi ili usiweze kukosea. Anayelazimisha kwa spana ndiye anayekosea.

## Hatua ya 1: Tengeneza nafasi

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatokea dirishani. Inatambaa sakafuni kama maji na kukusanyika penye bonde. Kama gereji yako ina shimo la kukagulia gari, mtungi usikae karibu nalo, na usiwashe moto juu ya shimo hilo kabla ya kuhakikisha halina gesi. Mfereji wa maji machafu ni shimo pia.

Banda lenye pande mbili wazi ni bora kuliko chumba chenye feni. Ondoa petroli, thina, rangi, betri inayochajiwa, na matambara ya oili. Sogeza kila kinachoungua hadi umbali wa mita 10, au kifunike kwa bati.

Usichomee moja kwa moja juu ya sakafu ya zege. Unyevu ulio ndani hugeuka mvuke na zege hurusha vipande. Panga matofali ya kuchoma au weka bamba nene la chuma juu ya stendi.

## Hatua ya 2: Leta mitungi salama

Mitungi iwe imesimama, imefungwa, kofia ya vali mahali pake. Pikapu ya wazi ndiyo usafiri wake. Buti ya gari iliyofungwa si usafiri, na bodaboda yenye mtungi umelala kwenye siti nyuma ya dereva, ingawa tunaiona kila asubuhi, si usafiri pia. Mtungi wa oksijeni uliojaa una presha ya bar 150 au zaidi. Vali ikivunjika kwa kuanguka, mtungi huo unaruka kama roketi.

Mtungi wa gesi ukilazwa, majimaji yake hufika kwenye vali. Yakiingia kwenye regulata, lita moja ya majimaji hugeuka zaidi ya lita 200 za gesi, na moto wa kichomeo unakuwa mkubwa kuliko wewe. Ukifika, usimamishe na uufunge kwa mnyororo kabla ya kufanya lolote.

## Hatua ya 3: Funga regulata

Nawa mikono kwanza. Sabuni, maji, kausha. Ndiyo, kabla ya kugusa chochote cha oksijeni. Oili au grisi ikikutana na oksijeni ya presha kubwa huweza kuwaka bila cheche yoyote. Gereji ndiyo mahali ambapo mikono yetu haikosi grisi, na ndiyo maana hatua hii ni ngumu kwetu kuliko kwa watu wengine. Usipake grisi uzi wa oksijeni hata kama nati inakwaruza, wala usifunge utepe wa mabomba.

1. Simama upande wa mtungi wa oksijeni, mdomo wa vali ukielekea pasipo na mtu. Fungua kidogo, sekunde moja, kisha funga. Vumbi linaruka nje badala ya kuingia kwenye regulata. Mtungi wa gesi usiufanyie hivi; ufute tu kwa kitambaa kikavu.
2. Funga regulata kwa mkono hadi ikae, kisha malizia kwa spana inayoenea sawasawa. Ikivuja, kagua sili, usizidishe nguvu.
3. Legeza skrubu ya kurekebishia presha ya kila regulata hadi izunguke bure. Hii ni kabla ya kufungua mtungi, siyo baada.
4. Fungua vali ya oksijeni polepole sana, ukiwa umesimama pembeni na siyo mbele ya geji. Presha ikiingia kwa kishindo, hewa iliyomo hubanwa na kupata joto la kuweza kuunguza sili. Geji ikishatulia, fungua vali yote.
5. Ya gesi fungua mzunguko mmoja tu, na kama inatumia ufunguo uuache juu yake. Siku ya hatari utataka kuifunga kwa sekunde moja.

Imefanikiwa kama geji ya oksijeni inasoma presha ya mtungi na haishuki. Geji hiyo inakuambia pia kilichobaki: mtungi wa lita 10 ukisoma bar 50 una oksijeni lita 500 hivi.

## Hatua ya 4: Vizuia moto, mipira, kichomeo

Funga vizuia moto kwenye regulata, mshale ukielekea kwenye kichomeo. Kisha mipira, kisha vali za njia moja, kisha kichomeo. Bana mipira kwa klempu za kubana zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Waya wa kufungia nondo utakata mpira.

Kabla ya kuunga kichomeo, pitisha oksijeni kidogo kwenye mpira wake, sekunde chache. Mpira mpya huwa na unga ndani, na unga huo unaziba nozeli.

## Hatua ya 5: Pima uvujaji

Funga vali zote za kichomeo. Kaza skrubu za regulata hadi oksijeni isome bar 2 na gesi bar 0.2. Sasa funga vali za mitungi na uangalie geji kwa dakika tano. Sindano ikishuka, kuna mahali panavuja.

Upande wa gesi, paka maji ya sabuni kwa brashi kwenye kila kiungo na kando ya klempu. Tazama kwa subira: uvujaji mdogo hautoi mapovu makubwa, unatoa povu jeupe dogo kama la mate linalokua polepole kwenye kona ya nati. Upande wa oksijeni tumia kimiminika kilichoandikwa kuwa kinafaa kwa oksijeni, kwa sababu sabuni nyingine zina mafuta.

Pua itakusaidia kwa gesi tu. Oksijeni haina harufu, na ikijaa kwenye nguo zako cheche moja inatosha. Ndiyo maana haitumiki kujipulizia vumbi wala kuchukua kazi ya kompresa.

Kiberiti hakipimi uvujaji.

## Hatua ya 6: Safisha mipira, kisha washa

Hapa ndipo wengi wanaruka. Baada ya kukaa usiku, mpira mmoja unaweza kuwa na mchanganyiko wa gesi na hewa. Ukiwasha, moto unaufuata mchanganyiko huo ndani.

1. Fungua vali ya oksijeni ya kichomeo sekunde tano, funga. Fungua ya gesi sekunde tano, funga. Kwa mipira mirefu ongeza muda. Fanya nje, pasipo na moto.
2. Vaa miwani na glavu. Elekeza mdomo chini na mbali na mitungi.
3. Fungua gesi robo mzunguko. Washa kwa kiwashio cha cheche. Njiti ya kiberiti inaweka vidole vyako mdomoni mwa moto, na kiberiti cha gesi mfukoni ni bomu dogo.
4. Moto utakuwa wa njano na mlegevu. Ukijitenga na mdomo, punguza gesi.
5. Ongeza oksijeni pole pole. Njano inaisha, bluu inakuja, na kwenye mdomo wa nozeli vinajitokeza vijipembe vidogo vyenye ncha, vyote vya urefu mmoja. Vikiwa virefu na vyenye ukungu, oksijeni haitoshi. Vikifupika sana na moto ukapiga mluzi mkali, umezidisha.
6. Bonyeza mkono wa kukatia, ule wenzo wa kwenye kichomeo unaoachia oksijeni ya kukatia. Vijipembe vitabadilika kidogo. Virekebishe tena huku umebonyeza.

Vipimo vya bar 2 na 0.2 ni vya kuanzia kwa nozeli ndogo ya bamba la milimita 6. Jedwali la nozeli yako ndilo lenye neno la mwisho.

## Moto ukipiga "pa!" au ukiingia ndani

"Pa!" moja na kuzimika kwa kawaida ni nozeli iliyogusa chuma, iliyopata joto sana, chafu, au presha ndogo. Funga vali, iache ipoe, isafishe, washa upya.

Lakini ukisikia mluzi mwembamba kutoka ndani ya kichomeo na moto umetoweka nje, unawaka ndani. Funga oksijeni ya kichomeo kwanza, kisha gesi, halafu mitungi yote miwili. Moto wa ndani unaishi kwa oksijeni, ukiikata, unakufa. Usiwashe tena hadi ujue sababu, na kizuia moto kilichofanya kazi yake kikaguliwe au kibadilishwe.

Mpira ukishika moto, achana nao, kimbilia vali za mitungi. Ukishindwa, ondoa watu na upige simu: Tanzania zimamoto ni 114, Kenya 999 au 112.

## Hatua ya 7: Nati iliyoganda

Pasha nati, siyo boliti. Nati ikitanuka inajitoa kwenye uzi. Ukipasha boliti inatanuka ndani ya nati na kubana zaidi. Zungusha moto, ncha za vijipembe zikiwa milimita 5 hadi 10 kutoka kwenye chuma. Kwenye kivuli utaona nyeusi inageuka nyekundu iliyokolea, rangi ya zambarau bivu. Inatosha. Toa moto, weka spana, rudisha mbele kidogo na nyuma, na itaanza kulia kabla ya kutoka. Nati hiyo usiirudishe kwenye gari, hasa ikiwa ya breki au sukani. Joto limeshapunguza uimara wake.

Usivyopasha, na hapa sibembelezi:

- Nati za gurudumu lenye tairi. Hata tairi lililotolewa upepo. Joto la rimu huivundika raba kwa ndani, ikatoa gesi, na tairi linaweza kupasuka dakika kadhaa baada ya moto kuondolewa.
- Shokapu, silinda ya boneti yenye gesi, bomba lililofungwa pande zote.
- Tangi la mafuta, hata "lililooshwa". Mvuke uliobaki ndio unaolipuka.
- Bati lenye zinki bila hewa ya kutosha. Moshi mweupe wake utakupa homa usiku.
- Sehemu iliyopuliziwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini. Ikiungua hutoa sumu kali. Osha na ukaushe kwanza.

## Hatua ya 8: Kukata bamba

Anzia ukingoni. Pasha hadi pawe pekundu linalong'aa, kisha bonyeza mkono wa kukatia taratibu. LPG inachelewa kuanza kuliko asetilini, subiri.

Ukifanikiwa, cheche zinashuka wima chini ya bamba na sauti ni ya kitambaa kinachochanwa mfululizo. Cheche zikikurudia usoni, hujapenya: rudi nyuma, pasha tena, punguza mwendo. Njia hii ni ya chuma cha kawaida. Chuma cha kusubu, kisichoshika kutu na alumini havikatiki hivi, usiharibu oksijeni.

## Hatua ya 9: Kuzima

1. Funga gesi kwenye kichomeo, kisha oksijeni. Kama kijitabu cha kichomeo chako kinasema kinyume, fuata kijitabu.
2. Funga vali za mitungi yote miwili.
3. Fungua vali ya oksijeni ya kichomeo hadi geji zishuke sifuri, funga. Fanya vivyo hivyo kwa gesi, nje.
4. Legeza skrubu za regulata.
5. Kunja mipira bila kuibana. Isikae chini ya jua wala kwenye oili.

Kisha usiondoke. Kaa hapo angalau nusu saa. Niliwahi kumaliza kukata bracketi, nikafunga kila kitu kwa utaratibu huu huu, nikaenda kunywa chai. Cheche moja ilikuwa imebiringika mita nne hivi hadi chini ya meza, kwenye gunia nililokuwa nimelisahau. Halikuwaka, lilikuwa linavuta tu, kama sigara, na lilianza kutoa moshi chai ikiwa inaisha.

Mitungi ilale nje usiku, imesimama, imefungwa, kwenye kivuli, mbali na madirisha, na ile ya akiba ya oksijeni itengwe na ya gesi. Kila mwezi kunja mipira kwa mkono, sehemu kwa sehemu, ukitafuta nyufa, hasa sentimita 20 za mwisho karibu na kichomeo. Ukiona ufa, usiuzungushie utepe. Kata kipande hicho na ufunge upya, au nunua mwingine. Vizuia moto na regulata viandikie tarehe ya kununua kwa kalamu ya rangi; watengenezaji wengi wanataka vibadilishwe baada ya miaka 5.